Figo za Chausiku

Hapa Uingereza, kila mwaka kampuni ya bima huniandikia barua kumtakia paka wangu, Chausiku, afya njema. Inamsifu kuwa ni mwanafamilia, inanishukuru kwa uaminifu wangu, kisha chini huko inanijulisha kwamba ada imepanda. Nikikaa kimya, mkataba unajihuisha wenyewe na fedha zinakatwa benki.

Sababu hawakosi. Chausiku alipokuwa mzima, ada ilipanda kwa kuwa ameongezeka umri. Sasa mlitaka apungue? Alipougua figo, ikapanda kwa ajili ya figo. Safari hii wanasema matibabu ya wanyama yamepanda nchi nzima.

Hilo, kwa uchungu wangu, ni kweli. Hospitali za umma ni za binadamu. Paka hutibiwa kwa fedha taslimu. Mwaka 2013 kliniki za wanyama zilizomilikiwa na makampuni makubwa zilikuwa kama 10 katika kila 100. Kufikia 2021 zilikuwa kama 55. Vipimo navyo vimekuwa vya kisasa, na daktari mwenye mashine hapendi ikae bure. Juu ya yote, serikali inachota kodi ya asilimia 12 ya ada yenyewe, kwa hiyo bima ikipanda na kodi inapanda, ilhali Hazina haijawahi kumshika Chausiku hata mkia.

"Si uhame kampuni?" wananiuliza wajuaji. Nihame na figo zipi? Kampuni mpya itampokea kwa bei ya kutamanisha, ila ugonjwa uliokuwapo kabla ya mkataba hawaulipii. Maana yake watamkatia bima paka mzima, isipokuwa mahali panapouma. Kampuni yangu inalijua hilo fika, ndiyo maana barua zake zina upole wa mtu aliyekwisha kufunga mlango.

Kinachonikera zaidi ni sheria. Tangu Januari 1, 2022, mwenye bima ya nyumba au ya gari hatozwi, wakati wa kuhuisha, zaidi ya bei ambayo angepewa mteja mpya. Nyumba imelindwa, gari limelindwa, paka hakutajwa. Nimefikiria kumwandikisha kama gari: ana miguu minne, ananguruma, na asubuhi hatoki bila kujazwa kwanza.

Juzi nikamlalamikia shangazi yangu wa Tanga kwa simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Huyo paka anakamata panya?"

"Hakamati, shangazi. Anawaogopa."

"Na chakula?"

"Cha figo. Tunanunua kwa daktari."

"Na bima unamlipia wewe?"

"Mimi, shangazi."

"Haya, mwanangu. Kati yenu wawili hapo, nani kamfuga mwenziwe?"