Sifa za Amonia, Mlezi wa Tangi la Samaki

Amonia ni gesi isiyo na rangi, yenye harufu inayofahamika kwa kila aliyewahi kufungua mlango wa banda la kuku lisilosafishwa. Katika ufugaji wa samaki nyumbani, hakuna kinacholaumiwa kuishinda. Kwenye mfumo wa akwaponiki, ambamo pampu huyapeleka maji ya tangi la samaki hadi kwenye kitalu cha mboga na kuyarudisha, kila sato anayeelea tumbo juu huandikwa kwenye hesabu yake. Haki inadai nayo itetewe, kwani ukoo wake ni bora, tabia yake inatabirika, na makosa mengi inayobambikiwa ni ya mwenye tangi.

Kwa upande wa ukoo, amonia haina la kuonea haya. Mwingereza Joseph Priestley aliikusanya ikiwa gesi mwaka 1774, na mwaka 1785 Mfaransa Claude Louis Berthollet akaonyesha kwamba imeundwa kwa naitrojeni na haidrojeni. Mwaka 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kilianza kuitengeneza kwa wingi kwa kutumia naitrojeni ya hewani, kwa njia iliyobuniwa na Fritz Haber na kukuzwa na Carl Bosch. Leo ndiyo mama wa mbolea ya yuria, ambayo mkulima wa mahindi huipangia foleni na kuilipia. Mwenye tangi huletewa bure, usiku na mchana, sikukuu zikiwemo, na bado hunung'unika.

Huzaliwa ndani ya samaki mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Sato akila, protini ya chakula huvunjwa mwilini, na naitrojeni isiyotumika hutokea kwenye matamvua ikiwa amonia. Kiasi kingine hutokana na kinyesi na mabaki ya chakula yanayooza chini ya tangi. Hapo ndipo inapojitokeza fadhila yake ya kwanza, uaminifu wa hesabu. Gramu 100 za chakula chenye protini ya asilimia 32 huzaa takribani gramu 3 za naitrojeni ya amonia. Katika tangi la lita 1,000, hizo ni miligramu 3 kwa kila lita kwa siku moja, iwapo hakuna wa kuzipokea. Mfugaji anaweza kumdanganya jirani kuhusu konzi alizomwaga, lakini amonia haidanganyiki. Watoto wakiwaonea samaki huruma na kuwaongezea konzi ya jioni, inaandika. Samaki akifia nyuma ya bomba asionekane, inaandika pia. Kwa hiyo kipimo kikipanda ghafla, swali la kwanza si dawa gani inunuliwe, bali nani amelisha, kiasi gani, na kama idadi ya samaki imetimia.

Fadhila ya pili ni upole, ingawa unategemea inavyotendewa. Majini huwa na sura mbili zinazobadilishana. Ya kwanza ni amoniamu, ambayo imebeba haidrojeni ya ziada na haimdhuru sana samaki. Ya pili ni amonia huru, ambayo hupenya matamvua na kuyaumiza. Kinachoamua ni pH pamoja na joto la maji. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi na pH 7, amonia huru haifiki hata asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Kipimo kilekile cha miligramu 2 kwa lita huweza kuvumilika katika tangi moja na kuua katika tangi la jirani.

Pwani ya Afrika Mashariki pH ya juu mara nyingi huletwa na mfugaji mwenyewe, ndani ya mifuko ya kokoto. Kitalu kikijazwa kokoto za mawe ya matumbawe, chokaa yake huyeyuka kidogokidogo na kuishikilia pH huko juu. Kuzitambua si kazi: kokoto ikidondoshewa siki ikatoa mapovu, ina chokaa. Tangi lililoachwa juani hadi maji yakageuka kijani huongeza la kwake, kwa sababu mchana mwani hufyonza kabonidayoksaidi na pH hupanda, ikifika kileleni alasiri. Amonia haikuchagua kokoto wala haikuliweka tangi juani.

Fadhila ya tatu ni ualimu. Mfumo mpya hauna bakteria wa kutosha, na amonia ndiyo chakula chao. Jamii ya Nitrosomonas huigeuza kuwa naitriti, kisha jamii ya Nitrospira huigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo mchicha na sukuma wiki huipenda. Katika maji ya joto, bakteria hao huhitaji kama wiki 4 hadi 6 ili watoshe. Anayejaza maji Jumamosi na kumwaga vifaranga 100 Jumapili hupata somo lake mapema, tena bila ada. Ni kweli kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka: naitriti huingia katika damu ya samaki na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, matamvua yakawa ya kahawia, na samaki akahema juu ya maji hata pampu ya hewa ikiwa inafanya kazi. Lakini ukoo huu hauna kisasi. Chumvi ya mawe, gramu 1 kwa lita, huleta kloridi inayoizuia naitriti isipite kwenye matamvua, na mboga nyingi huvumilia kiasi hicho.

Amonia hubebeshwa pia mashtaka ya wengine, na saa ya kifo ni ushahidi mzuri wa kuitetea. Samaki wakikutwa wamekufa alfajiri, wakubwa wakiwa wametangulia na wadogo wamebaki, wa kushukiwa ni upungufu wa oksijeni: usiku samaki, mwani na bakteria wote hupumua, na umeme ukikatika pampu husimama. Wakifa kwa pamoja saa chache baada ya kuongezwa maji ya bomba, ni klorini. Maji hayo yalipaswa kukaa kwenye chombo cha wazi yakipulizwa hewa kwa siku moja au mbili. Wakifa baada ya nyumba kupuliziwa dawa ya mbu, hakuna haja ya kwenda mbali. Amonia yenyewe kwa kawaida hutoa taarifa. Samaki huacha kula, hubana mapezi, matamvua huwa mekundu, na vifo hufuatana mmojammoja kwa siku kadhaa.

Tena haijifichi kwa anayeitafuta. Mililita 5 za maji ya tangi huwekwa katika kichupa cha kioo, yakatiwa matone ya dawa ya kwanza, kisha ya pili. Kichupa hutikiswa na kuachwa kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Maji yakibaki ya njano, hakuna amonia ya kusomeka. Yakianza ukijani, chakula kipunguzwe. Yakiwa kijani kizito, kazi zote za siku zisubiri. Rangi isomwe kwa mwanga wa mchana mbele ya kadi nyeupe, kwani taa ya njano huongopa kuliko amonia.

Huduma yake kubwa kuliko zote ni kuwaumbua wenye haraka. Bakteria wanapogeuza gramu moja ya naitrojeni ya amonia humaliza takribani gramu 7 za alkali ya maji, ikihesabiwa kama kalsiamu kabonati. Miezi ikipita bila kurudishiwa, pH hushuka hadi 6, bakteria wakazembea, na amonia ikajilimbikiza. Hata hivyo karibu yote ni amoniamu, na sato huendelea kuogelea na kula. Mwenye tangi anakiona kichupa cha kijani kizito, anaona samaki wazima, na moyo haumtulii mpaka afanye jambo. Anamwaga kopo la chokaa. pH inaruka kutoka 6 hadi 8, sehemu ya amonia huru inaongezeka karibu mara mia, na kabla ya jua kuzama anaopoa samaki kwa chandarua. Lawama zote anaibebesha amonia, iliyokaa kwa adabu wiki nzima. Chokaa inarudishwa kabatini na heshima zake.

Kuishi nayo kwa amani si kazi ya mtaalamu. Kipimo kikipanda, chakula husimamishwa kwa siku moja au mbili, theluthi ya maji hubadilishwa kwa maji yasiyo na klorini, hewa huongezwa, mizoga na mashapo hutolewa. Baada ya hapo ndipo pH hurekebishwa, kidogokidogo kwa siku kadhaa. Chujio husuuzwa kwa maji ya tangi lenyewe, kwani maji ya bomba huua bakteria waliochukua wiki kadhaa kukusanyika. Asiyeiweza nidhamu hiyo afuge kambare, ambaye hupumua hewa ya juu ya maji na kuvumilia uchafu mwingi kuliko sato.

Mfumo ukishakomaa, kupima mara moja kwa wiki kunatosha: amonia na naitriti karibu na sifuri, naitreti inasomeka, pH kati ya 6.5 na 7. Hapo mchicha hustawi kwa naitrojeni iliyoletwa na amonia, na anayepigwa picha nao ni mwenye tangi.