Selasini Elfu

Mkulima wa Ndalambo, kule Momba, akitaja bei ya mahindi kuwa "selasini elfu", dalali kutoka Tunduma haulizi maana, anaomba apunguziwe. Katika mapatano hayo, "th" haijawahi kumkosesha mtu hata shilingi. Balaa huanza mkulima huyohuyo akiisemesha simu. Chombo kilichosomeshwa kwa umeme wa kutosha mji mzima kinashindwa kazi ya dalali.

Dawa yenyewe ni kuukuu. Mashine za kutambua usemi zilitengenezewa kamusi za matamshi, na neno moja likaruhusiwa kuandikwa hata mara mbili. Kamusi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, imeipa nyanya ya Kiingereza matamshi mawili. Nyanya! Sisi thelathini, namba ya pesa, tunaibania, utadhani mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu uligawa na ndimi.

Kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla, unaokusanya sauti za kuzifundishia mashine hizo, watu husoma sentensi kwa sauti, wengine wakasikiliza na kupiga kura kama zimesomwa sawa. Mwongozo unasihi mtu asiwe mwepesi wa kukataa matamshi ya mwenzake. Unasihi bure: mpe msomi wetu kitufe cha "hapana" uone. Asubuhi kwao kasema "zahabu", mchana kageuka hakimu wa "dh".

Mkulima hana muda wa kesi hiyo. Akiongea na simu, anataja ishirini na tisa.