Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkaguzi ambaye hatujawahi kumwona



YAH: OMBI LA WEWE KUHAMIA SAITI KWETU MOJA KWA MOJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni saidia fundi, wabeba zege na mafundi wa deiwaka katika jengo moja linalopanda hapa mjini. Awali ya yote tunakupongeza, kwa sababu siku unayokuja kukagua ndiyo siku salama kuliko zote pale saiti. Kofia ngumu hutoka stoo zikiwa bado ndani ya nailoni. Mtungi wa kuzimia moto hufutwa vumbi na kusogezwa unapoonekana. Sanduku la huduma ya kwanza, ambalo siku nyingine husafiri kwenye buti la gari la injinia, hutundikwa ukutani na ndani yake huwa na plasta kweli. Mchomeleaji huvuliwa miwani ya jua aliyonunua kwa machinga, akavalishwa ngao ya uso kama ya kwenye picha. Hata jukwaa la mirunda huongezwa misumari.

Haya yote tunayajua kwa kusimuliwa, maana siku hiyo sisi hatupo. Nyapara hutupigia simu usiku: "Kesho pumzikeni, kuna wageni." Na deiwaka akipumzika, Mheshimiwa, na sufuria lake linapumzika. Wanaobaki ni wale wachache wenye majina kwenye daftari, na ndio unaowahesabu, kofia moja kichwa kimoja. Hesabu inatimia, unasaini, unapewa soda, unaondoka. Kesho yake sisi tunarudi kazini na kofia zinarudi stoo, zisije zikachakaa kabla ya ukaguzi mwingine.

Bosi hatumlaumu. Barua yako ilimfikia mapema, ikiwa na tarehe na saa. Unakuja kwa taarifa kama posa, na ni nyumba gani isiyofagia uwanja ikijua leo wakwe wanaingia? Tatizo ni mwenzetu mmoja anayependa kusoma magazeti anayofungiwa maandazi. Yeye anadai kwamba Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 81 wa mwaka 1947 kuhusu ukaguzi wa kazi, kwamba Tanganyika iliuridhia mwaka 1962, na kwamba kifungu cha 12 kinamruhusu mkaguzi mwenye kitambulisho kuingia mahali pa kazi bila taarifa, saa yoyote, mchana au usiku. Tulimkanya asituchonganishe na serikali. Mtu aliyepewa ruhusa ya namna hiyo tangu 1962 atapigaje hodi kwa barua?

Huo usiku wenyewe, kwa taarifa yako, ndipo kazi ilipo. Zege la slabu likishaanza kumwagwa halingoji kuche. Tunalipandisha karai kwa karai juu ya ngazi ya mbao, taa moja, ndala miguuni, saruji inatutafuna vidole. Mkanda wa usalama tunaufahamu. Tuliuona kwenye bango la tarehe 28 Aprili, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani, umevaliwa na kijana anayecheka. Bosi wetu alikwenda kwenye maadhimisho akarudi na fulana. Nzuri sana, imeandikwa usalama mgongoni. Sasa hivi tunafutia mwiko wa plasta.

Kuna wanaosema Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haina meno. Sisi tunasema inayo, ila huyapigia mswaki Aprili tu. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na watu 36 wakafa. Kibali kilikuwa cha ghorofa 10, nalo lilikuwa limefika 16. Ghorofa sita, Mheshimiwa, hazifichiki kwa turubai. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa likaanguka Kariakoo, na watu waliokuwa wameamkia biashara zao wakawa wanapiga simu kutoka chini ya kifusi. Waziri Mkuu akaunda kamati ya kukagua maghorofa ya Kariakoo. Tumegundua jambo: watu wakishakufa, taarifa ya mapema haihitajiki tena. Magreda, kamera na viongozi huingia bila hodi.

Ila vumbi halianguki kwa kishindo, kwa hiyo vumbi halina kamati. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kuwa kazi huua watu milioni 2.93 kila mwaka, na milioni 2.6 kati yao huuawa na maradhi, si ajali. Waulize madaktari wa Hospitali ya Kibong'oto kuhusu vifua vya wachimbaji wa Mererani. Sisi tunaokata vigae na kufagia saruji kavu tunafunga vitambaa puani, halafu jioni tunakohoa rangi ya ukuta. Kwenye fomu yako, tunasikia, kuna sehemu ya afya za wafanyakazi, na bosi aliijaza mwenyewe: wote wazima. Hakudanganya. Wale wa kwenye daftari wanakaa ofisini.

Ndiyo maana tunakuomba uhamie kwetu. Ghorofa ya pili slabu imekwisha kauka, tutakuzibia chumba kwa mabati. Ukilala pale, kila siku itakuwa siku ya ukaguzi. Kama kuhama ni vigumu, panda lori la kokoto saa tano usiku, getini halisimamishwi. Ukifika usimuulize bosi; muulize yeyote asiye na kofia.

Na kama ni lazima uendelee kutuma barua kabla hujaja, basi kwenye bajeti yako ya ukaguzi, baada ya mafuta ya gari na posho ya dereva, weka fungu la ujira wa siku moja kwa kila kibarua anayerudishwa nyumbani ili saiti iwe salama. Namba za simu anazo nyapara.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Saidia fundi, ghorofa ya nne
Kny: wote wasiokuwemo kwenye daftari

Nakala: Stoo