Namna ya Kumwingiza Bwana Chuma Ukumbini Wakati Tumbo Limenuna

Kwanza kabisa, mwache mpishi apumzike. Mtu akiambiwa damu imepungua, nyumba nzima huhamia sokoni. Leo kisamvu, kesho matembele, Ijumaa maini, na jagi la juisi ya rozela halikauki mezani kwa kuwa ni nyekundu na damu nayo ni nyekundu. Wiki sita baadaye kipimo kinasoma vilevile. Chakula kilifika tumboni salama salimini, kikanyimwa mapokezi.

Mapokezi hayo utayaelewa ukikumbuka harusi zetu za pwani. Bwana harusi hata akija na suti mpya na matarumbeta, mlango wa chumba cha bibi harusi hafunguliwi mpaka atoe kifungua mlango. Bwana Chuma anayetoka kwenye mboga na nafaka naye ana kifungua mlango chake, yaani tindikali ya tumbo. Hiyo ndiyo inayomyeyusha na kumsaidia kugeuka umbo ambalo mwanzo wa utumbo mwembamba unalikubali. Tumbo likivimba ndani kwa miaka, tezi za tindikali hudhoofu, na Bwana Chuma hukesha barazani. Yule wa kwenye nyama, maini na dagaa hupita kwa mlango mwingine, hasumbuliwi sana. Ndiyo maana kijiko cha dagaa juu ya mchicha kina maana kuliko sahani ya pili ya mchicha.

Hatua inayofuata ni kumjua aliyelinunisha tumbo. Sisi tunaita yote "vidonda vya tumbo", hata pale ambapo hakuna kidonda, na jina hilo moja limewafanya wengi wanywe dawa ya ugonjwa wa jirani. Wanunishaji ni wengi. Wapo bakteria wa Helicobacter pylori. Zipo dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo mtu humeza kwa ajili ya mgongo huku zinachubua tumbo na kulivujisha damu kidogokidogo. Ipo pombe. Na ipo kinga ya mwili wenyewe, ambayo kwa baadhi ya watu hushambulia tumbo lao, nayo nitairudia kwa sababu ndiyo inayoniuma.

Kuhusu bakteria, heshimu kazi ya Barry Marshall wa Perth, Australia. Mwaka 1984, madaktari wengi walipokataa kumwamini kwamba kiumbe anaweza kuishi ndani ya tindikali na kuvimbisha tumbo, aliwanywa bakteria hao, akaugua, tumbo lake likachunguzwa, wakaonekana. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel. Wewe huhitaji ushujaa huo. Unachohitaji ni kuomba kipimo cha choo kikubwa au cha pumzi. Kile cha tone la damu kidoleni kinaweza kukuonyesha bakteria waliokwisha kufa zamani, ukatibiwa marehemu. Kama unatumia omeprazoli, ile dawa ya kupunguza tindikali, muulize daktari kuhusu kuipumzisha wiki mbili kabla ya kupima, maana huwaficha bakteria. Ukipewa dawa za siku 14, zimeze siku zote 14, hata kama siku ya sita tumbo limenyamaza. Kisha subiri wiki nne au zaidi upime tena. Wengi huiruka hatua hii ya mwisho, na watu wa nyumbani kwangu wamo.

Sasa chai. Najua ninagusa pabaya. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula inaweza kumzuia zaidi ya nusu ya Bwana Chuma wa mboga asipite. Ni mjomba anayesimama mlangoni na hotuba ndefu. Hakuna anayekuambia uiache. Isogeze tu: saa moja au mbili baada ya kula, kunywa utakavyo. Kahawa na maziwa nayo yasogee. Kwenye kiti kilichobaki wazi muweke vitamini C, ambaye ni mpambe wa kweli wa Bwana Chuma. Tumbo lililochubuka huenda lisipende ndimu, basi mpe pera au papai.

Ukipika maharage au mlenda, punguza magadi. Huunguza vitamini C, na ukiyanywa kama dawa ya kiungulia yanapoza tindikali ileile unayoihitaji. Na ukijikuta unatamani udongo, ule wa vijiti unaouzwa sokoni, usione aibu na usiufiche. Hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma. Udongo wenyewe, hata hivyo, unaweza kumnasa Bwana Chuma tumboni na kutoka naye. Nenda ukapime damu. Wakati huohuo ulizia minyoo ya safura, ambao huingia kupitia nyayo tupu na kunywa damu utumboni bila kelele.

Ukipewa vidonge vya kuongeza damu, usidhani kumeza vitatu kwa siku ni bidii. Watafiti wa Zürich walionyesha kwamba dozi moja huufanya mwili utoe homoni inayofunga mlango kwa takribani siku nzima, hivyo kidonge kimoja siku moja ndiyo, siku moja hapana, huingia vizuri zaidi na tumbo huchafuka kidogo. Mwulize daktari kama ratiba hiyo inakufaa. Kikikuchoma, kimeze na chakula kidogo. Choo kitakuwa cheusi, ni kawaida. Choo cheusi chenye kunata kama lami na harufu kali si kawaida: hiyo ni damu, nenda hospitali siku hiyohiyo, na vivyo hivyo ukitapika damu. Wakikupima feritini, yaani akiba ya chuma, waambie tumbo lako limevimba. Uvimbe huipandisha namba hiyo, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linatumia kikomo cha 70 badala ya 15 kwa mtu mzima mwenye uvimbe au maambukizi.

Nilisema nitairudia kinga ya mwili. Shangazi yangu wa Tanga alikuwa akilalamika, "Mwanangu, miguu imevaa soksi, na mimi sijavaa soksi." Kila alipokwenda kutibiwa alipewa vidonge vya chuma vyenye foliki asidi. Damu ilipanda kidogo, tukashangilia. Miguu ikazidi kufa ganzi, akaanza kutembea akishika ukuta.

Aliyekosekana kwake alikuwa B12. Huyu hasafiri bila mshenga. Tumbo hutengeneza protini inayomshika mkono na kumsindikiza mpaka mwisho wa utumbo mwembamba. William Castle, daktari kijana wa Boston, alimgundua mshenga huyo mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa njia isiyosimuliwa mezani: alikula nyama, akaitapika baada ya saa moja, ikalainishwa na kupewa wagonjwa wake kwa mpira. Nyama tupu ilikuwa haijawasaidia. Iliyopita tumboni mwake ikawainua.

Kwa shangazi, kinga ya mwili ilikuwa imewaua washenga nyumbani kwao. Foliki asidi ilikuwa inaipamba damu huku mishipa ya fahamu ikiharibika chini kwa chini. Kwa hiyo ganzi, ulimi unaowaka au kusahausahau visipite bila kupimwa B12, hasa kwa anayetumia omeprazoli miaka mingi au metformini ya kisukari. Ini huweka akiba ya B12 ya miaka kadhaa, kwa hiyo ugonjwa huja taratibu na familia huuita uzee. Dawa ipo: sindano ya mikrogramu 1,000 isiyohitaji mshenga, au kidonge chenye kiasi hichohicho kila siku, ambacho takribani asilimia moja yake hupenya yenyewe.

Shangazi alipata nguvu ndani ya wiki chache. Ganzi ya vidole haikuondoka yote, tulichelewa. Ukienda kwake asubuhi atakupa uji wa ulezi na pera lililokatwa, na chupa ya chai iko kabatini. Ukiitazama sana atakwambia, "Subiri saa nne, baba. Wageni wa damu hawajaingia."