Shangazi wa Benchi: Kocha Ameondoka, Mimi Nibaki na Nani?

Barua za safari hii zimeletwa na mwendesha pikipiki aliyetoka Kabambare na mvua mgongoni. Mbili kati yake wino umetambaa na jina la mwandishi halionekani. Si kitu, malalamiko yanasomeka vizuri sana. Wote mnaulizia kocha, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake duniani aliyeachwa. Shangazi ana kalamu na chai, na jua bado liko juu.

Salaam aleikum, Shangazi. Tarehe 26 Novemba 2024 Maniema Union yetu ilikwenda Pretoria kucheza na Mamelodi Sundowns katika Ligi ya Mabingwa, ikatoka sufuri kwa sufuri. Nilishangilia mpaka nikavunja kiti cha mwenye kibanda cha video. Wiki mbili baadaye nikasikia kocha wa Sundowns, Manqoba Mngqithi, amefutwa kazi. Tangu hapo silali vizuri. Je, nimechangia kumnyima mtu mkate wake?
Mwenye Dhamiri, Kasongo

Wa aleikum salaam, mwanangu. Kiti umelipa? Barua yako ndefu hivi na hilo halimo. Anzia hapo.

Kuhusu Mngqithi, usijipe ukubwa. Sundowns ni nyumba ya tajiri Motsepe, na kwa tajiri sare na timu ya Kindu ni msiba. Baada yenu wakapata sare nyingine kwa AS FAR kule Morocco, na uvumilivu ukaisha. Jambo la kukunyima usingizi ni jingine. Mahali pake walimweka Mreno Miguel Cardoso, yule yule aliyewatoa Sundowns katika nusu fainali miezi michache kabla, akiwa na Espérance ya Tunis. Januari 2025 Cardoso akaja na timu hiyo hiyo mpaka kwetu, akatufunga. Kwa hiyo mliangusha kocha mmoja, na aliyeletwa badala yake akaja kuwapiga ninyi. Mkamaliza wa mwisho katika kundi.

Nimesema “kwetu”, nisamehe. Mechi hizo za nyumbani zilichezwa Kinshasa, Stade des Martyrs. Kutoka Kasongo mpaka Kindu tu ni zaidi ya kilomita mia mbili za barabara unayoijua mwenyewe, na ukifika Kindu bado unatafuta ndege. Kwa watu wengi wa Maniema kusini, kocha wa Maniema Union ni sauti ya redioni tu. Mkitaka kumfukuza mtu, mngeanza na waliowaachia barabara hiyo, lakini hao hawakai kwenye benchi.

Jambo, Shangazi. Mimi ni mwanafunzi katika taasisi moja ya juu ya huku. Jina silitaji, utaelewa. Timu ya taasisi yetu ilipoteza mechi tatu mfululizo. Kocha wake ni asistanti anayetufundisha takwimu. Jumapili tulisimama nyuma ya benchi, tukagonga masufuria, tukamwimbia aondoke, mimi nikiwa mbele. Komite ikamwondoa jioni ile ile. Jumatatu asubuhi nikamkuta ubaoni na chaki mkononi na orodha ya majina mezani. Hakusema neno. Aliniangalia tu. Mtihani ni wiki ijayo.
Suporta wa Mbele

Mwanangu, umecheka na simba ukiwa ndani ya zizi lake. Ungeuliza kwanza ratiba ya mitihani, ndipo uchukue sufuria.

Kule Marekani, ambako timu za vyuo ni biashara na mpira wao unabebwa mkononi, kocha wa chuo haogopi kelele zenu. Texas A&M walimfukuza Jimbo Fisher Novemba 2023, na kwa mkataba walibaki na deni kwake la zaidi ya dola milioni 75. Anafukuzwa leo, kesho anakunywa maziwa, na wanafunzi wanaendelea kushangilia. Wa kwenu mmemtoa bila hata kipande cha sabuni, kisha mkamwachia kalamu nyekundu. Mnaona wenyewe nani ana akili hapo.

Fanya hivi. Nenda na shefu wa promosheni yenu na wengine wawili. Mwende mchana, na msibebe kuku wala bahasha, maana hapo mtakuwa mmeongeza kosa la pili. Mwombeni radhi kwa masufuria. Kwa matokeo msiombe radhi, mechi tatu ni tatu na yeye ndiye mwalimu wa takwimu, anajua kuhesabu. Halafu usome. Ukianguka, sesheni ya pili ipo, na Shangazi hatasikiliza hadithi kwamba ulionewa.

Shangazi mpendwa, mume wangu amesimama. Tangu tarehe 6 Januari 2026, Algeria walipotufunga bao moja katika dakika za nyongeza kule Rabat, amesema kocha Desabre aondoke, na mpaka aondoke yeye atasimama na mkono juu kama yule shabiki wa Léopards, timu yetu ya taifa, aliyejifanya sanamu ya Lumumba kule Morocco. Anasimama uani, watoto wanapita chini ya kwapa.
Mama Watoto, Kabambare

Mama, pole. Michel Kuka Mboladinga alisimama kwa heshima ya Lumumba, akiwa na suti na mashabiki wenzake wakimpigia ngoma. Mumeo anasimama kwa hasira, akiwa na kaptula. Havifanani.

Mkumbushe haya polepole, akiwa amefumba macho asikukatize. Sébastien Desabre aliichukua timu Agosti 2022 baada ya Héctor Cúper. Tulikuwa tumeshapoteza mechi mbili za kwanza za kufuzu Kombe la Afrika, moja ikiwa mbele ya watu wetu, dhidi ya Gabon. Mtu huyo akatufikisha Côte d'Ivoire, tukamaliza wa nne mwanzoni mwa 2024. Novemba 2025, katika mbio za Kombe la Dunia, akawatoa Kameruni, siku tatu baadaye akawatoa Nigeria kwa penalti. Mimi nilimsikia mumeo usiku ule wa Nigeria kutoka huku Kasongo, na upepo haukuwa unatoka kwake. Alitaka Desabre apewe kijiji. Chini ya miezi miwili baadaye anataka apewe ndege.

Akikataa kusikia, pika bukari na sombe yenye mawese, umwekee mbele. Mkono wa kulia uko juu. Wa kushoto, mtu wa adabu halii nao. Hatafika jioni.

Mtoto wangu Shangazi, mimi ni mzee, nilikuwa kijana mwaka wa 1974. Vijana wa leo wanalia juu ya makocha, sisi kocha wetu alituuza. Mtu wa Yugoslavia, tukacheza na Yugoslavia, tukafungwa tisa. Unahitaji ushahidi gani?
Mzee wa Zamani, njia ya Kabambare

Mzee wangu, jambo yako. Wewe umeniita mtoto, mimi nitakujibu kama mtoto anayebishana na baba yake, yaani kwa adabu na bila kunyamaza.

Blagoje Vidinić aliikuta Zaire ikiwa timu nzuri, akaipeleka Misri mwezi wa tatu 1974, ikarudi na Kombe la Afrika. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano yale, na mpaka leo hakuna aliyemfikia. Siku hizo, mzee, hukusema Vidinić ni Myugoslavia. Ulisema ni wetu.

Mwezi wa sita tukawa Ujerumani kwenye Kombe la Dunia. Scotland wakatufunga mbili, si aibu. Halafu ndipo mambo yalipooza. Wachezaji walifahamu kwamba fedha walizoahidiwa hazitawafikia. Zilikuwa zimepita katika mikono ya wakubwa waliosafiri nao, na mikono hiyo haikuwa na matundu ya kutolea. Wakataka kugoma. Wakaingia uwanjani Gelsenkirchen tarehe 18 Juni, miguu iko, moyo umebaki hotelini. Mabao matatu yakaingia mapema. Vidinić akamtoa golikipa Kazadi, akamwingiza Tubilandu, na kazi ya kwanza ya Tubilandu ikawa kuokota mpira wavuni. Hapo ndipo ninyi mlipopata ushahidi wenu. Lakini inasimuliwa pia kwamba amri ya kumbadilisha Kazadi ilitoka kwa mtu wa wizara aliyekaa karibu na benchi, na Vidinić akaitii. Kama ni hivyo, kosa lake ni la kila kocha wa nchi hii: alikubali kufundishwa na asiyejua mpira.

Tisa kwa sufuri. Ndaye naye akatolewa kwa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake, mwamuzi alichanganya watu. Siku ile kila kosa lilipewa mtu asiye wake. Wewe, mzee, ulikuwa mbali na unasamehewa, lakini miaka zaidi ya hamsini imepita na bado unamhesabia Vidinić. Wale wakubwa wa fedha hata majina yao huyataji katika barua yako.

Shangazi, mume wangu anataka kuongeza mke. Mfano anaonipa ni kocha Florent Ibenge, kwamba aliongoza Vita Club na Léopards kwa wakati mmoja na zote zilishiba.
Wa Kwanza, Kasongo

Ni kweli, kwa miaka kama mitano kuanzia 2014 alikuwa na nyumba mbili. Léopards walikuwa wa tatu Afrika 2015, wakachukua CHAN kule Kigali 2016. Ila Vita waliingia fainali mbili za Afrika, 2014 na 2018, wakapoteza zote mbili. Na mwisho wake? Madagascar wakatutoa kwa penalti 2019, akaiacha Léopards. Mwaka 2021 akaiacha Vita pia, akaenda Berkane, akaenda Omdurman, na 2025 akahamia Azam ya Dar es Salaam. Mumeo akisema tena, muulize Ibenge alikuwa na mishahara mingapi, kisha mwonyeshe mfuko wake wa suruali.

Kocha akishinda anabaki, Shangazi? Sisi wa Mazembe tunataka kujua kabla ya kununua jezi.
Mchimba Dhahabu, Salamabila

Wakati mwingine anaondoka na mnashinda zaidi. Diego Garzitto aliwapa Ligi ya Mabingwa 2009, mwaka uliofuata Lamine N'Diaye akakalia kiti chake, akaichukua tena na kuwafikisha fainali ya dunia Abu Dhabi. Inter wakawafunga tatu tarehe 18 Desemba 2010. Tarehe 23 Rafael Benítez, kocha wa Inter, bingwa wa dunia wa siku tano, hakuwa na kazi. N'Diaye aliyefungwa alirudi Lubumbashi akiwa bado na yake. Nunua jezi, lakini isiwe na jina mgongoni.

Shangazi, sisi komite ya timu ya kijiji, Kabambare. Tumemfukuza kocha, ameondoka na mpira. Ni mmoja tu tulionao. Jumapili tuna mechi. Chefu amekataa kuingilia. Tufanye nini?
Komite

Barua yenu ina ukurasa wa pili ambao nadhani mlitaka kuuchana mkasahau: hesabu ya fedha za kocha, miezi sita, kila mwezi umeandikwa “atalipwa”. Mpira huo mnauita wenu, lakini kwa hesabu hiyo ameshaununua mara tatu. Tumeni watu wawili wazima kwake Ijumaa, wabebe miezi mitatu taslimu na tarehe ya mitatu iliyobaki, iandikwe mbele ya chefu huyo huyo aliyekataa kuingilia. Akitoa mpira, upigeni pampu kabla ya kuondoka, maana nasikia pampu nayo anayo yeye.