Namna ya Kuokota Bei Iliyoanguka

Saa tano ya usiku ni saa nzuri ya kununua ukiwa Kalemie. Mega za usiku ni za bei nafuu, mtandao unapumua, upepo wa ziwa umepoza bati, na umeme wa maji wa Bendera, ukijisikia, upo. Unapitia picha za duka moja la Lubumbashi, mara unakutana na paneli ya jua pamoja na betri yake, vyote kwa 180 FC. Si dola 180. Ni franka 180, feza isiyonunua hata andazi pale bandarini. Kuna mtu amebonyeza sarafu isiyo yake. Katika nchi ambayo kila bei ina majina mawili, dola asubuhi na franka jioni, ajali hii ilikuwa njiani siku nyingi.

Wanyonge watauliza kama kununua hapo ni utapeli. Wenye mayele watauliza namna ya kununua bila kuitwa matapeli. Mimi nawaandikia hawa wa pili.

Hatua ya kwanza: usishangae. Ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa mshangao ni ushahidi. Ukicheka, umeungama. Ukimwamsha mdogo wako, umejitafutia shahidi. Ukipiga picha ya skrini na kuituma kwenye kundi la familia, umejiandikia mashtaka na muhuri umegonga mwenyewe. Waulize vijana sita wa Singapore. Januari 2003 duka la mtandaoni la Digilandmall lilionyesha printa ya HP kwa dola 66 za kule, wakati bei yake ilikuwa 3,854. Kulikuwa na mafunzo ya wafanyakazi, na namba ya mazoezi ikaponyoka hadi dukani. Vijana wakaiona usiku wa manane. Wakatumiana ujumbe, wakaamshana, wakapekua bei ya kweli, kisha wakaagiza printa 1,606. Mahakamani wakasema hawakujua kama ni kosa. Tatizo ni kwamba ujumbe wao nao ulifika mahakamani. Walishindwa mwaka 2004, wakakata rufaa, wakashindwa tena 2005. Hakuna aliyewaadhibu kwa kupenda vya rahisi. Kilichowaponza ni kukosa usingizi.

Hatua ya pili inatokana na hiyo: idadi. Paneli moja ni ya nyumbani. Mbili, sawa, una shemeji Moba. Kumi unaanza kujieleza. Arobaini ni tangazo kwamba bei ya kweli unaijua vizuri kuliko duka lenyewe.

Hatua ya tatu: usifananishe duka na soko. Hapa ndipo wengi huanguka, na mimi nimewahi kuanguka. Mtu anajiuliza: mbona mama wa ndagala akinirudishia chenji ya noti ya 20,000 nami nilimpa ya 10,000, narudi mbio huku nimeshika feza juu ili wote waone? Unarudi kwa sababu anamjua mama yako. Unarudi kwa sababu kesho utataka tena samaki, na akikukumbuka vibaya, fungu lako litakuwa na mchanga na nyongeza hutaiona mpaka mvua za mwakani. Unarudi pia kwa sababu umeona mkono wake unatetemeka akihesabu kwenye giza, mtoto mgongoni, na unajua faida ya siku nzima iko katika ile noti uliyoshika. Duka la mtandaoni halina mgongo. Halikuiti mwanangu. Lina kitufe tu, na kitufe hakijawahi kulia mbele ya mtu.

Ni kweli kwamba nyuma ya kitufe kuna msichana aliyeandika FC badala ya alama ya dola, na huenda mwisho wa mwezi atakatwa mshahara. Mwongozo unakushauri usimfikirie. Ukishamfikiria, rudi hatua ya kwanza, uanze upya.

Sasa sheria, maana wenye mayele hupenda sheria kupita majaji. Sote tunakijua kwa moyo Kifungu cha 15, kile cha jitafutie, ambacho hakimo katika kitabu chochote cha sheria za Kongo; wazee humsingizia Albert Kalonji na ile Kasai yake Kusini iliyojitenga. Kilichomo ni kifungu cha 98 cha kanuni ya adhabu, kinachohusu escroquerie, yaani utapeli. Kisome polepole, kitakufurahisha. Kinamtaka tapeli awe ametumia jina la uongo, cheo cha uongo au hila fulani ili apewe mali ya mwenzake. Wewe umefanya hila gani? Bei imeandikwa na wenyewe, umelipa ilivyoandikwa, kwa jina lako la ubatizo. Hujamdanganya mtu, muuzaji amejidanganya mwenyewe nawe ulikuwa unapita.

Lakini tafadhali ishia hapo hapo. Kuna ndugu zetu ambao, duka likitoa punguzo moja kwa kila mteja mpya, hufungua akaunti sita: yao, ya shangazi, ya marehemu babu, na tatu za watoto ambao bado hawajazaliwa. Hao wametoka kwenye bahati wakaingia kwenye jina la uongo, tena kwa miguu yao. Marehemu babu hawezi kuagiza paneli.

Nawe usiye tapeli, usivimbe kichwa. Kutokuwa tapeli hakukufanyi mwenye mali. Sheria yetu ya mikataba ni ya 30 Julai 1888, imetangulia hata kituo cha Albertville kilichozaa mji huu, na inasema ridhaa iliyotolewa kwa kosa si ridhaa. Wakili wako atatabasamu: kosa lazima liguse kiini cha kitu, na bei si kiini. Wa muuzaji atamjibu kwamba paneli na betri kwa franka 180 hayakuwa mauzo, yalikuwa zawadi, na mteja wake hana kumbukumbu ya kukuchumbia. Huko London mwaka 1939 watu walipatana ngozi za sungura wa Argentina kwa bei ya ngozi moja moja, muuzaji akateleza akaandika bei ileile kwa ratili. Mnunuzi akang'ang'ania karatasi. Mahakama ikamwambia alijua vizuri kilichokusudiwa. Kwetu ingekuwa ni mtu aliyepatana ndagala kwa kilo, akaandikiwa kwa beseni, akaja na lori.

Hatua ya nne inahusu feza iliyojileta yenyewe kwenye simu. Usiiguse kabla ya kusoma hapa. Kanuni ya adhabu ina kosa jingine, cel frauduleux: umepata kwa bahati kitu cha mwenzako, ukakificha. Haihitajiki hila yoyote, kunyamaza kunatosha. Tarehe 16 Machi 2024 mashine za Benki ya Biashara ya Ethiopia ziliamka zikitoa feza kuliko zilizokuwa kwenye akaunti, na wanafunzi wa vyuo wakapanga foleni usiku huohuo. Benki ilizidai. Wengi walirudisha. Waliochelewa walitangazwa hadharani, majina na picha. Jifikirie wewe: sura yako imebandikwa mlangoni pa posta, na watu wa Avenue Lumumba wanasoma wakitafuna karanga.

Hatua ya tano ni usafiri, na hapa nakiri mwongozo wote unazama. Hata sheria ikikupa haki, mzigo unatoka Lubumbashi. Upande treni hadi Kamina, uendelee hadi Kabalo, upite Nyunzu, na treni yetu haikimbizwi na mtu. Muuzaji ana muda wa kulala, kuamka, kunywa chai, kuoa, na kuiona ile FC kabla mzigo haujavuka Lualaba. Kosa la bei ni tunda la watu wanaoishi karibu na ghala.

Yangu ilikuwa hivyo. Nilinunua moja, sikucheka, sikumwamsha mtu. Siku ya tatu mwanamke akapiga, sauti ya upole.

"Papa, ile bei njo ya dola, haiko ya falanga. Utusamehe. Tunakurudishia feza yako leo leo."

Nikajibu kama mtu mzima kwamba hakuna shida, makosa ni ya binadamu. Kurudisha feza M-Pesa kunaanza na swali: akaunti ya dola, au ya franka? Usiku, saa tano kasoro, simu ikalia kidogo. Nimepokea 180.

Za dola.

Nimekaa barazani, mwongozo uko magotini. Nimeurudia wote, hasa hatua ya nne. Simu inaita tena, namba ni ileile ya Lubumbashi. Nimeiacha iite kwanza, nifanye mazoezi ya kutoshangaa.