Kesi ya Jicho la Kushoto

Mtoto wetu wa tatu alizaliwa wakati wa mavuno ya mpunga, na hadi anatimiza wiki tatu hakuwa na neno. Ndipo jicho lake la kushoto likaanza kutoa machozi. Halii, anachezacheza, ananyonya, lakini shavu la kushoto limelowa. Asubuhi kope zimegandana kwa tongotongo la njano, na mama yake analoweka pamba kwenye maji ya uvuguvugu, anapangusa taratibu, mpaka jicho liachie kama mlango wa stoo uliovimba kwa mvua.

Nzega ni njia panda. Ukitoka Tabora, Singida au Shinyanga unapita hapa, na kila basi halikosi mtu wa kuteremka na dawa yake. Safari hii aliyeteremka alikuwa dada yangu mkubwa, kutoka Dar, na begi la vichupa na daftari la semina ya tiba mbadala. Kabla hajanywa maji alimshika mtoto kidevu, akamgeukia mke wangu.

"Wifi, ulipokuwa na mimba hii, ni uchungu gani uliumeza?"

Kwa mujibu wa daftari lake, machozi ambayo mama hakuyalia hutafuta njia kwa mtoto. Mafundisho hayo hayakuzaliwa Dar. Mmarekani Louise Hay alitoa kitabu mwaka 1984 chenye orodha ndefu ya maradhi, na mbele ya kila ugonjwa hisia inayodaiwa kuuleta. Tangu hapo orodha za namna hiyo zimesafiri kuliko mitumba.

Mama yangu hakukubali. Kwake yeye jicho lilianza baada ya mtoto kupewa jina la kanisani, na babu aliyerukwa analia kupitia mjukuu. Alikwishatenga kuku wa kupeleka kwa mfumu, maana huku kwetu mganga husoma matumbo ya kuku kama karani anavyosoma jalada. Nikamkumbusha kwamba serikali ilipiga marufuku ramli Januari 2015. Akanijibu kwamba kuku hakupigwa marufuku.

Mimi nilijifanya msomi. Nikawasimulia habari za John Hanning Speke, aliyepita Unyamwezini mwaka 1858 akitokea Tabora kwenda kuliona Ziwa Victoria, na ambaye miezi michache nyuma alilifikia Ziwa Tanganyika macho yakiwa mabovu hata hakuweza kuliona vizuri. Nani alimuuliza Speke kama mwenzake Burton amemuudhi? (Kwa jinsi walivyogombana baadaye, kumbe swali lingekuwa na maana.) Hakuna aliyecheka.

Mke wangu, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Mpunga."

Magunia mawili. Alilima yeye, akavuna yeye, na mimi niliyauza akiwa na mimba ya miezi sita ili kununua tairi na kukarabati injini ya bodaboda. Nilimwambia yameliwa na panya. Sebule ikageuka baraza: dada hakimu, mama mzee wa baraza, mimi kizimbani, na kielelezo amelala pajani mwa mama yake akitoa povu mdomoni. Nikakiri. Nikakiri na mengine ambayo sikuulizwa.

Dada alivimba kichwa kwa ushindi huo. Jioni akamfuata mama jikoni, alipokuwa amekaa mbele ya mafiga, macho yake mekundu yakichuruzika. "Na wewe mama, ya kwako yana kinyongo gani?"

Mke wangu aliacha kupepeta. Unyamwezini na Usukumani swali hilo si mzaha. Vikongwe wameuawa huku kwa kuitwa wachawi, na ushahidi wenyewe ulikuwa macho mekundu tu. Mama alijifuta kwa ncha ya kanga, akasukuma kuni.

"Moshi," akasema.

Dada akafunga daftari. Usiku ule hakuna aliyetafuta sababu ya jicho la mtu.

Kesho yake tulikwenda kliniki ya watoto. Muuguzi alimtazama mtoto kwa dakika moja, akatuonyesha kitundu kidogo kwenye ukingo wa kope, karibu na pua. Machozi, alisema, hupitia hapo yakashuka kwenye mfereji mwembamba hadi puani, ndiyo maana mtu akilia hupenga kamasi. Watoto wengine huzaliwa utando ukiwa bado umeziba mwisho wa mfereji huo. Na kwa kuwa kichanga hulia bila machozi wiki za mwanzo, tatizo huonekana baadaye, babu hahusiki. Takribani watoto tisa kati ya kumi hufunguka wenyewe kabla ya kutimiza mwaka. Wasiofunguka, mtaalamu wa macho huzibua kwa kijiti chembamba cha chuma.

Alinishika kidole, akakiweka kwenye kona ya jicho la mwanangu, akanifundisha kubonyeza kidogo na kuteleza kuelekea chini, kando ya pua. Mara kumi, asubuhi na jioni, kucha fupi, mikono imenawa. Chini ya ngozi ile nilihisi kitu kidogo kama punje ya mchele mbichi kikibonyea. Maziwa ya mama, majani na vichupa visiingie jichoni. Kona ikivimba na kuwa nyekundu, au mtoto akipata homa, aletwe siku hiyo hiyo.

"Na huzuni ya mama yake?" nikauliza.

"Hiyo, baba, haitibiwi hapa dirishani."

Jicho lilikauka mtoto akiwa na miezi minane. Kuku tulimla dada alipokuwa anaondoka. Gunia la kwanza la mpunga nimeshalipa. La pili nadaiwa hadi leo.